Okidi ya Uani na Vanila ya Shambani

Katika somo hili twapenda kuwaeleza masheha, walimu na wenye mashamba wa Unguja habari za jamii moja ya mimea ambayo watu wengi huipita kila siku bila ya kujua jina lake. Jina lake ni okidi. Nyingine hupandwa katika nyumba za Mji Mkongwe kwa ajili ya maua yake mazuri, nyingine hukaa juu ya miti ya msituni, na moja, nayo ni vanila, hupandwa mashambani kwa ajili ya mali. Atakayefahamu tabia ya moja atakuwa amekwisha kupata nusu ya elimu ya nyingine, kwa hiyo tutazisimulia zote pamoja.

1. OKIDI NI MMEA WA NAMNA GANI

Wataalamu wa mimea wamehesabu aina za okidi zipatazo 28,000 duniani. Katika nchi za baridi nyingi huota ardhini. Lakini katika nchi za joto na unyevu, kama hizi zetu, nyingi hukaa juu ya matawi ya miti. Hapo ndipo linapozuka kosa la kwanza la watu. Mwenye shamba huona mmea umeng'ang'ania tawi la mwembe wake, akadhani ni kirukia, akapanda na panga kuukata. Kirukia hupenyeza mizizi ndani ya mti na kuufyonza; huyo ni mwizi. Okidi hainyonyi kitu katika mti. Imekaa tu, kama mgeni aliyeketi barazani kwa mtu: chakula chake hukipata katika mvua, umande, vumbi na majani yaliyooza.

Mizizi ya okidi ya namna hii imevikwa ngozi nyeupe iliyo kama sifongo. Ikiwa kavu, rangi yake ni ya fedha. Ikinyweshwa, hubadilika mara moja ikawa kijani. Mkulima na aitazame rangi hiyo, nayo itamwambia saa ya kumwagilia. Mizizi hii yataka maji, lakini yataka hewa zaidi. Ukiifukia katika udongo mzito itaoza kabla ya mwezi kwisha. Okidi nyingi za nyumbani hufa kwa sababu hii, wala si kwa kiu.

Jambo jingine la kujifunza ni habari ya mbegu. Tumba moja la okidi huweza kuwa na mbegu maelfu kwa maelfu, nyepesi kama vumbi, zikapeperushwa na upepo. Lakini mbegu ya hindi au kunde imebeba chakula chake ndani; mbegu ya okidi haina akiba yo yote. Haiwezi kuota mpaka ikutane na kuvu wa namna maalumu atakayeilisha. Kwa hiyo asijisumbue mtu kuzimwaga mbegu za okidi katika kitalu. Sisi tutaongeza okidi zetu kwa kugawa mashina au kwa kukata vipande.

Katika mwambao wa Kenya na Tanzania iko okidi moja kubwa, jamii ya angraekamu, ambayo wataalamu wameipa jina la Wagiriama. Maua yake ni meupe na kijani, na harufu yake hutoka usiku. Mwalimu akiulizwa na watoto kwa nini usiku, na awaambie hivi: maua meupe yenye harufu ya usiku huwaita nondo. Mwaka 1862 Charles Darwin wa Uingereza alitazama okidi ya Bukini, ndugu ya hiyo yetu, akaona mrija wake wa asali una urefu upatao sentimita 30. Akasema hapana budi yuko nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Watu wakamcheka. Mwaka 1903 nondo huyo akaandikwa na wataalamu, na ulimi wake ni kama alivyosema.

2. OKIDI KATIKA NYUMBA ZA MJI MKONGWE

Nyumba za mjini ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake ni nene, na nyingi zina ua wa ndani ulio wazi juu. Watu hudhani maua hayawezi kustawi humo. Kwa mikunde na mahindi ni kweli. Kwa okidi si kweli, maadam mtu achague aina kwa mahali.

Katika ua wa ndani, ambao jua huingia kwa saa chache tu, yafaa aina iitwayo falenopsi. Asili yake ni nchi za mashariki ya mbali, nayo hupenda kivuli na joto. Asimwagiliwe maji katikati ya majani, kwa maana yakilala humo usiku moyo wake huoza. Katika roshani yenye jua la asubuhi yafaa dendrobiamu. Juu ya dari, penye mwanga mwingi na upepo, yafaa vanda. Huyu hutaka jua kuliko wenziwe wote, lakini katika miezi ya kaskazi, Januari na Februari, na atiliwe kivuli cha makuti wakati wa adhuhuri. Nyumba zilizoelekea bahari, kama zile za Shangani na Forodhani, zina adui mmoja zaidi, nao ni upepo wa chumvi. Huko okidi iwekwe nyuma ya ukuta, na majani yake yaoshwe kwa maji matamu.

Kuujua mwanga hakuhitaji chombo. Weka mkono wako juu ya mmea wakati wa adhuhuri. Kivuli chake kikiwa kikali na cheusi, jua ni kali. Kikiwa hafifu, pana kivuli cha kutosha. Kisipoonekana kabisa, pana giza. Majani nayo husema: yakiwa ya kijani iliyokoza sana wala hapana ua, mmea wataka mwanga, yakigeuka manjano na kuungua, umezidishiwa.

Chombo cha kupandia kiwe na matundu mengi. Yafaa kapu la vipande vya mbao, au chungu kilichotobolewa pembeni. Ndani yake tia mkaa uliovunjwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba, vigae vya vyungu, na vipande vya makumbi ya nazi. Lakini hapa yapasa kutahadhari. Wanawake wengi wa pwani hufukia makumbi katika matope ya bahari ili wapate usumba wa kusokotea kamba. Makumbi hayo yamejaa chumvi, nayo huua okidi. Tumia makumbi ya nazi zilizofuliwa shambani, tena uyaloweke katika maji matamu siku kadha, ukiyabadilisha maji kila siku. Wala usitie vipande vya mawe ya matumbawe, kwa kuwa ni chokaa, na okidi nyingi haziipendi chokaa.

Kwa sababu hiyo hiyo maji ya mvua ni bora kuliko maji ya visima vya mjini, ambavyo vingi ni vya chumvichumvi. Mwenye dari na akinge mapipa katika masika na vuli, na kila pipa lifunikwe vema. Wala asiache visahani vya maji chini ya vyungu: mbu huzaa humo, na mbu wa visahani ndiye aletaye homa ya dengi. Ua zuri lisilete ugonjwa nyumbani.

Mwagilia asubuhi, mpaka maji yatiririke chini, kisha acha mpaka mizizi irudie rangi ya fedha. Mbolea iwe hafifu sana. Robo ya kipimo cha mboga yatosha, mara moja kwa juma, mmea ukiwa unakua.

3. KATIKA BUSTANI NA VIAMBO

Mwenye nyumba ya shamba ana raha kuliko mwenyeji wa mjini, kwa maana anao miti. Okidi ya kukaa juu ya mti na ifungwe kwa kamba ya usumba katika gome la mwembe au mti mwingine wenye gome lililokwaruzika, upande usiopigwa na jua la jioni. Mti unaojichubua gome haufai, kwa sababu gome likianguka, okidi huanguka pamoja nalo. Fanya kazi hii mvua zikianza, ili mizizi ipate kushika kabla ya kiangazi.

Katika vijiji vya mashariki na kusini, kama Paje, Jambiani na Makunduchi, ardhi ni mawe matupu na udongo ni haba. Watu wa huko wasivunjike moyo. Vanda na dendrobiamu hazihitaji udongo hata kidogo. Zifungwe katika vigogo au kapu, penye kinga ya upepo wa bahari. Lakini vanila, ambayo tutaieleza sasa, haipendi maweni. Yake ni upande wa magharibi na katikati, penye udongo mzito wa majani na kivuli, kama Kizimbani, Dole na Kidichi.

4. VANILA, NA MTOTO ALIYEFUNGUA MLANGO WAKE

Vanila ni okidi itambaayo. Ni mmoja tu katika jamii hii kubwa unaolimwa kote duniani kwa ajili ya chakula. Asili yake ni Meksiko, ambako Watotonaki waliilima tangu zamani. Ilipelekwa Ulaya na visiwa vya Wafaransa. Ikastawi, ikachanua, lakini haikuzaa. Sababu ni kwamba katika ua la vanila, kati ya unga wa kiume na mahali pa kike, pana utando mdogo kama ulimi. Wadudu wanaojua kuupita utando huo wako Amerika, wala hawakuja pamoja na mmea.

Mwaka 1836 Charles Morren, mtaalamu wa Ubelgiji, aliweza kuzalisha vanila kwa mkono. Lakini njia yake haikuwafaa wakulima. Aliyeipata njia rahisi ni mtumwa, mtoto wa miaka 12, jina lake Edmond, katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841. Mwenye shamba, Bellier-Beaumont, alikuwa akitembea naye akaona matumba mawili ya vanila yamening'inia katika mtambaa ambao haukupata kuzaa miaka yote. Edmond akasema, "Nimeyafanya mimi," akamwonyesha: kijiti kimoja na kidole gumba. Basi akatumwa shamba kwa shamba awafundishe watumwa wengine, na kisiwa kizima kikatajirika.

Yeye mwenyewe hakutajirika. Utumwa ulipokomeshwa katika makoloni ya Kifaransa mwaka 1848 alipewa uhuru na jina la Albius, lakini hakupewa fungu lo lote la mali ile. Baadaye mtaalamu mmoja Mfaransa alidai kwamba yeye ndiye aliyemfundisha; Bellier-Beaumont akaandika kumtetea Edmond, kwamba ugunduzi ni wake peke yake. Edmond Albius alikufa maskini mwaka 1880.

Twaieleza habari hii kwa urefu kwa sababu nchi yetu ina habari kama hiyo. Mikarafuu ya Unguja ilipandwa kwa mikono ya watumwa. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukaondolewa sheria mwaka 1897. Mtoto wa shule akishika ua la vanila, na ajue kwamba kazi aifanyayo ilivumbuliwa na mtoto wa rika lake, ambaye hakuruhusiwa kusoma. Tena na ajue kwamba elimu huweza kutoka kwa mtu asiyetazamiwa.

5. KUPANDA

Kwanza panda miti ya kutambalia, mbono au mgirisidia, miezi kadha kabla ya vanila, ili iwe na kivuli. Nafasi iwe mita 2 baina ya mti na mti, na mita 2 na nusu baina ya mstari na mstari. Kata kipande cha vanila chenye afya, urefu wa mita moja, ukitundike kivulini juma moja mpaka jeraha likauke. Maji ya vanila huwasha ngozi, basi nawa mikono na usijiguse macho. Mvua zikianza, ondoa majani ya chini, laza sehemu hiyo juu ya udongo, uifunike kidogo kwa majani yaliyooza, na sehemu ya juu uifunge mtini.

Usilime wala usipalilie kwa jembe karibu na shina, maana mizizi yake ni ya juujuu. Ng'oa magugu kwa mkono, ongeza majani makavu mara kwa mara. Mtambaa ukifika urefu wa mtu, ukunje urudi chini, ili maua yawe mahali mkono unapofika. Kivuli kiwe nusu: masika punguza matawi ya mti, kiangazi yaache. Konokono waokotwe usiku kwa taa. Shina likioza, ling'olewe na kuchomwa moto, wala usipande vanila nyingine katika shimo lile lile.

Vanila huchanua kwa kawaida mwaka wa tatu. Hilo lapasa kujulikana mapema, ili mtu asikate mihogo yake yote akangojea vanila hali watoto wana njaa. Mvumilivu hula mbivu, lakini mvumilivu mwenye akili hupanda na ndizi.

6. KUZALISHA UA

Ua la vanila hufunguka alfajiri, na kufikia adhuhuri limekwisha kunyauka. Likipita bila ya kuguswa, hapana tumba. Kwa hiyo katika majuma ya maua, shamba hukaguliwa kila asubuhi bila ya kukosa hata moja.

Shika ua kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia shika njiti ya chelewa iliyochongwa butu, au mwiba wa mchungwa. Pasua taratibu mdomo wa ua mpaka uone kinguzo kilicho ndani. Inua ule utando mdogo kwa njiti, kisha kwa kidole gumba cha kushoto ubonyeze unga wa njano uguse mahali penye ute. Toa njiti. Kazi imekwisha. Mwenye mkono mwepesi huzalisha maua elfu moja na zaidi kwa siku. Ua lililopokea hunyauka bila ya kudondoka; lisilopokea huanguka upesi.

Usizalishe maua yote. Katika kila kishada chukua 8 au 10, yaliyo upande wa chini, ili matumba yaning'inie sawasawa. Mwenye tamaa akizalisha yote, mtambaa hudhoofika na mwaka wa pili haumpi kitu.

7. KUVUNA, KUKAUSHA, NA WIZI

Tumba hufikia urefu wake katika majuma machache tu, lakini halijaiva mpaka litimize miezi minane au tisa. Dalili ni ncha yake kugeuka manjano. Hapa ndipo penye fitina. Mwenye shamba huona matumba makubwa, huhofu wezi, huyakata mabichi; jirani yake akimwona, naye hukata. Vanila iliyokatwa mbichi haina harufu, mnunuzi huikataa, na kijiji kizima huharibika jina. Huko Bukini na Réunion wakulima hutoboa kila tumba kwa pini likiwa bado changa, wakaandika alama ya mwenyewe. Kovu hubaki hata likikaushwa. Huko Uganda serikali imekuwa ikitangaza siku ya kuanza kuvuna, na anayeuza kabla yake hujulikana. Masheha wetu waweza kupatana hivyo hivyo na watu wao. Jambo hili halimwezi mtu mmoja peke yake; lataka kijiji.

Tumba bichi halinuki. Harufu huja kwa kutengenezwa. Lichovye katika maji ya moto wa digrii 63 hadi 65 kwa dakika 3, ukitumia kipimajoto, usikisie; maji yachemkayo huliua tumba. Kisha liviringe katika blanketi na ulifungie sandukuni usiku, litoe jasho, liwe rangi ya kahawia. Kwa juma moja au mawili lianike juani saa chache kila siku, na usiku lirudi blanketini. Baadaye likaushwe kivulini, polepole, kisha likae katika sanduku lililofungwa miezi kadha. Kilo 5 au 6 za mbichi hutoa kilo 1 ya kavu. Tumba lenye koga litengwe mara moja, lisiambukize mengine.

Na bei? Tuseme kweli. Bei ya vanila hupanda na kushuka kuliko bei ya karafuu. Bukini, inayotoa sehemu kubwa ya vanila ya dunia, ilipigwa na kimbunga mwaka 2000 na tena mwaka 2017. Bei ikafika mamia ya dola kwa kilo, kisha ikaanguka. Tena tangu mwaka 1874 harufu ya vanila hutengenezwa kwa dawa viwandani kwa bei nafuu. Basi asiweke mtu tumaini lake lote katika mmea mmoja. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, na wasio na kitu kingine wakafilisika.

8. TUSIIBE MSITUNI

Mwisho twawasihi wasomaji: okidi za mwitu ziachwe mwituni. Msitu wa Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004. Kung'oa mmea humo ni kosa. Tena Tanzania iliingia mwaka 1979 katika mkataba wa mataifa uliofanywa Washington mwaka 1973, nao umezitaja okidi zote; hapana ruhusa kuuza nje okidi ya mwitu bila ya hati. Huko nyanda za juu kusini, watu walichimba viazi vya okidi kwa wingi vikapelekwa Zambia kufanywa chakula kiitwacho chikanda, mpaka ikahofiwa kwamba zitakwisha. Uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ukafanywa hifadhi mwaka 2005. Kumbukeni tulivyosema: mbegu ya okidi haioti bila ya kuvu wake. Kinachong'olewa leo hakirudi kesho. Tawi lililoanguka lenyewe kwa upepo katika shamba lako, likiwa na okidi, hilo waweza kulichukua ukalifunga katika mti wako. Nyingine pata kwa jirani, kwa kugawiwa shina.

MASWALI YA SHULENI

1. Eleza tofauti baina ya kirukia na okidi.
2. Kwa nini makumbi yaliyofukiwa baharini hayafai kupandia okidi?
3. Edmond Albius alivumbua nini, mwaka gani, naye alilipwaje?
4. Mkulima ana kilo 30 za vanila mbichi. Akikausha, atapata kilo ngapi, kama kilo 6 hutoa kilo 1?
5. Kijiji chenu kingefanyaje ili matumba yasikatwe kabla ya kuiva?

Mwalimu aliye karibu na shamba la vanila na awapeleke wanafunzi wake asubuhi mapema, maua yakiwa wazi, kila mmoja na njiti yake. Somo lililofanywa kwa mkono halisahauliki.